Intaneti ya Nyumbani au ya Biashara? Mwongozo kwa Anayefanyia Biashara Nyumbani

Biashara nyingi nchini mwetu huanzia sebuleni. Mshonaji huweka cherehani karibu na dirisha, mwoka keki hutumia jiko lile lile linalopikia familia, na mhasibu hutandaza hesabu za wateja wake juu ya meza ya chakula. Zamani biashara za namna hii zilitegemea kibao cha barabarani na sifa za majirani. Leo zinategemea pia intaneti, kwa kuwa huko ndiko oda zinakoingia, bidhaa zinakoonyeshwa, na kazi iliyokamilika inakopitia hadi kumfikia mteja. Ndipo linapozuka swali ambalo watumiaji wengi hujiuliza: je, laini ya intaneti iliyofungwa kwa ajili ya familia inatosha, au inapasa kununua kifurushi cha biashara ambacho mara nyingi bei yake ni kubwa zaidi?

Swali hili lina uzito. Anayenunua kifurushi cha biashara asichokihitaji hulipa kila mwezi fedha ambazo zingenunua vitambaa au unga. Anayebaki na kifurushi cha nyumbani ilhali kazi yake inadai zaidi anaweza kumpoteza mteja kwa siku moja ya kukatika kwa mtandao, kisha akagundua kwamba mkataba wake haumpi haki ya kudai chochote. Katika sura hii tunaeleza namna ya kuamua kwa hesabu badala ya kubahatisha.

Hoja yetu kwa ufupi ni hii: tofauti kubwa baina ya vifurushi hivi viwili haimo katika kasi inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo. Imo katika ahadi ambazo mtoa huduma anazitoa kwa maandishi. Kwa hiyo, pamoja na kuuliza "kasi ni ngapi?", uliza pia "mnaniahidi nini, na ahadi hiyo ikivunjika itakuwaje?"

Ni njia ileile, ila masharti ni tofauti

Watumiaji wengi hudhani kwamba intaneti ya biashara hupita katika waya wa pekee. Mara nyingi sivyo. Nyumba yenye kifurushi cha nyumbani na ofisi ndogo yenye kifurushi cha biashara zinaweza kuhudumiwa na waya uleule wa faiba unaopita mtaani, au na mnara uleule wa simu. Laini ambayo mteja mmoja hutengewa peke yake ipo, lakini hiyo ni huduma nyingine kabisa, ambayo hununuliwa zaidi na benki, hospitali na kampuni kubwa, na bei yake haiwiani na mahitaji ya biashara ya nyumbani.

Kinachotofautisha vifurushi vya kawaida ni mambo haya: wateja wangapi wanagawana uwezo uleule wa njia, kasi ya kupakia ikilinganishwa na kasi ya kupakua, muda ambao mtoa huduma anaahidi kutengeneza hitilafu, aina ya anwani ya mtandao unayopewa, matumizi yanayoruhusiwa, na namna ankara inavyoandikwa. Si kila kifurushi kinachoitwa cha biashara kina mambo haya yote, wala si kila kifurushi cha nyumbani kinayakosa. Jina la kifurushi ni neno la muuzaji. Kilichomo ndani yake huonekana katika mkataba.

Kupakua na kupakia

Kupakua ni kuleta kitu kutoka mtandaoni, kama vile kutazama filamu au kufungua barua pepe. Kupakia ni kupeleka kitu mtandaoni, kama vile kutuma picha, video au faili la kazi. Familia hupakua zaidi kuliko inavyopakia. Ndiyo maana vifurushi vingi vya nyumbani hutoa kasi kubwa ya kupakua na kasi ndogo ya kupakia. Mfanyabiashara aghalabu yuko kinyume chake, kwa sababu yeye ndiye anayetuma.

Tuchukue mfano wa faili la video lenye ukubwa wa gigabaiti 1, ambalo ni sawa na megabiti 8,000. Kwa kasi ya kupakia ya megabiti 2 kwa sekunde, faili hilo litachukua sekunde 4,000, yaani zaidi ya saa moja. Kwa kasi ya megabiti 20 kwa sekunde, litachukua sekunde 400, ambazo hazifiki dakika 7. Tangazo la kifurushi cha kwanza linaweza kuwa limeandika kasi kubwa ya kuvutia, lakini hiyo ikawa ni kasi ya kupakua peke yake.

Angalia pia kwamba kasi hutangazwa kwa megabiti, ilhali ukubwa wa mafaili huandikwa kwa megabaiti. Baiti moja ina biti nane. Hivyo laini ya megabiti 40 kwa sekunde hupitisha megabaiti 5 tu kwa sekunde, hata ikiwa inafanya kazi kikamilifu. Mteja asiyelijua jambo hili hudhani ameibiwa. Anayelijua hununua kwa kipimo sahihi.

Kwa mazungumzo ya video, kasi kubwa sana haihitajiki. Mkutano mmoja wenye picha safi hutumia takriban megabiti 1 hadi 4 kwa sekunde kila upande. Kinachoharibu mikutano zaidi ni kasi inayopanda na kushuka, hasa ya kupakia, na kuchelewa kwa sauti. Ikiwa mikutano yako hukatika ilhali umelipia kasi kubwa, chunguza kwanza ndani ya nyumba: ruta iliyofichwa nyuma ya kabati, ukuta mnene wa tofali, au watoto watatu wanaotazama video kwa wakati mmoja. Unganisha kompyuta kwenye ruta kwa waya, kisha upime kasi. Ikiwa kasi ni nzuri kwa waya na mbaya kwa waifai, tatizo ni la nyumba yako, na kifurushi cha gharama zaidi hakitaliondoa.

Saa za msongamano

Uwezo wa njia hugawanywa kati ya wateja wengi. Katika vifurushi vya nyumbani wagawanaji huwa wengi zaidi, kwa kuwa mtoa huduma anajua kwamba si wote watatumia kwa wakati mmoja. Mpango huo huenda vizuri mchana. Jioni, watu wanaporudi makazini na kuwasha televisheni na simu, kasi hushuka. Wanaotumia ruta za laini ya simu huliona jambo hili zaidi, kwa kuwa mnara mmoja huhudumia pia kila mwenye simu katika eneo hilo.

Kutokana na hali hiyo, saa za kazi yako zina maana kubwa. Mhasibu anayefanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni huitumia laini ya nyumbani wakati mtaa umetulia, na huenda akapata huduma nzuri kwa bei ndogo. Muuzaji wa nguo anayeonyesha bidhaa zake kwa video ya moja kwa moja saa mbili usiku hushindana na mtaa mzima. Wote wawili wana kifurushi kimoja, lakini hawanunui kitu kimoja.

Kabla ya kuamua, pima kasi mara tatu kwa siku kwa muda wa wiki moja: asubuhi, alasiri, na katika saa unazouza zaidi. Andika matokeo. Kipimo kimoja kilichofanywa mchana mbele ya fundi aliyekuja kufunga huduma hakitoshi.

Ahadi ya upatikanaji na muda wa matengenezo

Hapa ndipo penye tofauti kubwa. Mkataba mzuri wa biashara hutaja kiwango cha upatikanaji wa huduma kwa asilimia, muda wa kuitikia taarifa ya hitilafu, muda wa kuimaliza, na punguzo atakalopewa mteja iwapo kiwango hakikufikiwa. Mkataba wa nyumbani kwa kawaida husema tu kwamba mtoa huduma atajitahidi. Kujitahidi si ahadi inayoweza kupimwa.

Asilimia huweza kudanganya jicho, kwa hiyo zigeuze kuwa saa. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Upatikanaji wa asilimia 99 unaonekana kuwa karibu na ukamilifu, lakini unaruhusu saa 7 na dakika 12 za kukatika kwa mwezi. Asilimia 99.5 inaruhusu saa 3 na dakika 36. Asilimia 99.9 inaruhusu takriban dakika 43. Uliza pia iwapo saa za matengenezo yaliyopangwa zinahesabiwa, kwa kuwa mikataba mingi huziondoa.

Soma kwa makini kifungu cha fidia. Katika mikataba mingi, fidia ni punguzo kwenye ankara, wala si malipo ya biashara uliyoikosa. Tuseme unalipa shilingi 150,000 kwa mwezi na huduma ikakatika siku 3. Punguzo linalolingana na siku hizo ni shilingi 15,000. Ikiwa katika siku hizo umekosa kazi ya shilingi 240,000, pengo lililobaki ni lako. Kifurushi cha biashara, kwa hiyo, si bima. Thamani yake kuu ni kwamba fundi anapaswa kufika mapema, na kwamba una hati ya kumkumbusha.

Aidha, hakuna kifurushi kinachomkinga mteja dhidi ya kila hitilafu. Mwezi Mei 2024, hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilidhoofisha au kukata intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Katika tukio la namna hiyo, jina la kifurushi halisaidii kitu. Linalosaidia ni mtoa huduma kuwa na njia nyingine ya kufika nje ya nchi. Una haki ya kuuliza kama anayo.

Je, mkataba unaruhusu biashara?

Baadhi ya mikataba ya nyumbani husema kwamba huduma ni kwa matumizi ya familia tu. Mingine hukataza mambo mahususi, kama vile kuendesha seva au kuunganisha vifaa zaidi ya idadi fulani. Mingine haisemi lolote. Mtu anayetuma ankara zake kwa barua pepe akiwa nyumbani ni vigumu kusumbuliwa. Lakini mwenye wafanyakazi watano sebuleni, au anayepitisha data nyingi kila siku, anaweza kujikuta amepunguziwa kasi au amesitishiwa huduma, na hoja yake ikawa dhaifu kwa sababu yeye ndiye aliyekiuka mkataba kwanza.

Kifungu kingine cha kuangalia ni kile cha matumizi ya haki. Vifurushi vinavyoitwa visivyo na kikomo mara nyingi huwa na kiwango ambacho kikipitwa, kasi hushushwa hadi mwisho wa mwezi. Huduma haikatiki, lakini kwa mhariri wa video kasi iliyoshushwa ni sawa na kukatika. Uliza kiwango hicho ni gigabaiti ngapi, na kasi hushuka hadi ngapi.

Tunatoa tahadhari moja zaidi. Wapo wanaofunga laini ya nyumbani kisha wakawauzia majirani waifai kwa saa au kwa siku. Hilo si suala la kuchagua kifurushi tena. Kuuza huduma ya mawasiliano kwa umma kunahitaji leseni kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na kununua kifurushi cha biashara hakumpi mtu leseni hiyo.

Anwani ya kudumu: nani anaihitaji?

Kila laini iliyoungana na intaneti hutambuliwa kwa namba inayoitwa anwani ya IP. Katika vifurushi vya nyumbani anwani hiyo hubadilika, na mara nyingi wateja wengi huwa nyuma ya anwani moja. Vifurushi vya biashara aghalabu hutoa anwani ya kudumu, ama ndani ya bei au kwa nyongeza.

Anayeihitaji ni yule ambaye watu au vifaa vya nje vinapaswa kumfikia moja kwa moja: mwenye seva nyumbani, mwenye mfumo wa kamera unaotazamwa bila kupitia kwa mtengenezaji, au anayefanya kazi na kampuni inayoruhusu anwani zinazojulikana tu kuingia katika mifumo yake. Wauzaji wengi wa nyumbani hawaihitaji. Ikiwa duka lako liko kwenye mtandao wa kijamii au kwenye tovuti iliyohifadhiwa na kampuni nyingine, duka hilo hubaki wazi hata intaneti ya nyumbani kwako ikizimika. Usilipie anwani ya kudumu kwa sababu tu muuzaji amesema kila biashara huwa nayo.

Bei kamili

Bei ya tangazo si lazima iwe bei utakayolipa. Bei za vifurushi vya nyumbani kwa kawaida hutangazwa pamoja na kodi. Bei za biashara wakati mwingine hutajwa bila kodi. Kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) Tanzania Bara ni asilimia 18. Kwa kiwango hicho, kifurushi cha shilingi 150,000 bila kodi hufika shilingi 177,000. Biashara iliyosajiliwa kwa VAT inaweza kujirudishia kodi hiyo kwa utaratibu wa Mamlaka ya Mapato, ikiwa ina risiti halali yenye jina na namba zake. Biashara ndogo isiyosajiliwa haiwezi. Kwake kodi hiyo ni gharama kamili. Kwa hiyo linganisha bei zote mbili zikiwa na kodi.

Ongeza gharama za ufungaji, ruta na amana, kisha utazame muda wa mkataba. Vifurushi vya biashara mara nyingi hufunga mteja kwa mwaka mmoja au miwili, na kujitoa mapema huwa na malipo. Hili ni jambo zito kwa mpangaji. Ikiwa mwenye nyumba atataka nyumba yake baada ya miezi sita, je, huduma itahamishwa? Kwa gharama gani? Na kama mtaa unaohamia hauna faiba, mkataba utavunjwa bila adhabu? Pata majibu haya kwa maandishi. Pata pia ruhusa ya mwenye nyumba kabla fundi hajatoboa ukuta.

Pima thamani ya saa moja

Sasa tunafika kwenye hesabu yenyewe. Chukua tofauti ya bei ya mwezi baina ya vifurushi viwili, kisha uigawe kwa faida unayoikosa katika saa moja ya kazi ambayo intaneti imekatika. Jibu ni idadi ya saa. Ikiwa kifurushi cha biashara kitakuokolea saa zaidi ya hizo kila mwezi, kinajilipa. Kama sivyo, kinakugharimu. Bei tunazotaja hapa chini ni za mfano tu, wala si za mtoa huduma yeyote.

Mfano wa kwanza ni mwoka keki. Oda zake huingia kwa ujumbe wa simu, naye hupakia picha chache kwa siku. Intaneti ya nyumbani ikikatika, huwasha data ya simu na kuendelea. Saa moja ya kukatika humgharimu bando dogo tu. Kwake tofauti ya shilingi 120,000 kwa mwezi haiwezi kurudi. Kifurushi cha nyumbani kinamtosha.

Mfano wa pili ni mhariri wa video za harusi, anayetuma mafaili ya gigabaiti 40 kwa mteja mmoja. Kwa kasi ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde, kazi hiyo huchukua karibu saa 18. Kwa megabiti 50 kwa sekunde, hukamilika kwa muda usiofika saa mbili. Yeye anahitaji kasi ya kupakia na kiwango kikubwa cha data, lakini si lazima apate fundi ndani ya saa nne. Atafute kwanza kifurushi cha nyumbani cha faiba chenye kasi sawa pande zote mbili, na apakie usiku wa manane. Asipokipata, ndipo aangalie cha biashara.

Mfano wa tatu ni mwalimu anayefundisha lugha kwa video kwa wanafunzi walio mbali. Hupata shilingi 30,000 kwa saa, na kipindi kilichokatika hakilipwi. Kifurushi cha nyumbani ni shilingi 80,000, cha biashara ni 200,000. Tofauti ni 120,000. Ukigawa kwa 30,000 unapata saa 4. Ikiwa laini ya nyumbani humkatikia zaidi ya saa nne za vipindi kila mwezi, na ikiwa mkataba wa biashara kweli unaahidi kuzipunguza, basi abadilishe. Kwake kuna hasara nyingine pia isiyoingia katika hesabu: mwanafunzi aliyekatikiwa mara tatu huenda asirudi.

Hesabu hii haiwezekani bila kumbukumbu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na saa za kukatika ni hivyo hivyo: asiyeziandika huzikuza akiwa na hasira na kuzisahau akiwa ametulia. Kwa miezi miwili, andika tarehe, saa huduma ilipokatika, saa iliporudi, na kazi uliyoikosa. Hesabu saa za kazi peke yake. Kukatika usiku ukiwa umelala hakukupunguzii kipato.

Njia ya tatu: laini ya nyumbani yenye akiba

Mara nyingi uchaguzi bora si mmoja kati ya viwili hivyo. Laini ya nyumbani pamoja na njia ya akiba kutoka kwa mtoa huduma mwingine huweza kukupa utulivu zaidi kuliko laini moja ya biashara, na kwa gharama ndogo. Mwalimu wa mfano wetu akiongeza laini ya simu yenye bando la shilingi 30,000 kwa mwezi, atalipa jumla ya shilingi 110,000, na vipindi vyake vingi vitaokoka. Sharti ni kwamba njia ya akiba iwe tofauti kweli. Ukiwa na faiba, akiba iwe ya mnara wa simu, na ya kampuni nyingine. Ijaribu kabla hujaihitaji, ukiwa umekaa katika kiti kile kile unachofanyia kazi.

Kumbuka pia umeme. Ruta na kifaa cha faiba kilichoko ukutani vyote hutumia umeme. Umeme wa nyumba ukikatika, laini ya biashara yenye upatikanaji wa asilimia 99.9 huzimika sawasawa na ile ya jirani, na kukatika huko hakuhesabiwi katika ahadi ya mtoa huduma. Betri ndogo ya akiba kwa ajili ya ruta ni ununuzi wa mara moja, na katika mitaa ambako umeme hukatika mara kwa mara ndiyo hatua ya kwanza, kabla ya kufikiria kifurushi kingine.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Chukua orodha hii uende nayo dukani, na uombe majibu kwa maandishi au kwa barua pepe.

1. Kasi ya kupakua ni ngapi, na ya kupakia ni ngapi? Je, kuna kasi ya chini mnayoiahidi?
2. Kuna kiwango cha data ambacho kikipitwa kasi hushuka? Hushuka hadi ngapi?
3. Je, mkataba unaruhusu shughuli yangu, nikiitaja kwa jina?
4. Hitilafu ikitokea, fundi atafika ndani ya saa ngapi? Jumamosi, Jumapili na sikukuu je?
5. Upatikanaji unaoahidiwa ni asilimia ngapi, na punguzo hukokotolewaje? Hutolewa lenyewe au mpaka niombe?
6. Bei hii ina kodi ndani yake? Ufungaji na vifaa ni kiasi gani, na ruta ni mali ya nani?
7. Mkataba ni wa muda gani, unajihuisha wenyewe, na kujitoa au kuhama kunagharimu nini?
8. Naweza kuanza na kifurushi cha nyumbani na kuhamia cha biashara baadaye bila kulipia ufungaji upya?

Muuzaji akijibu swali la nne au la tano kwa maneno kama "msiwe na wasiwasi", yachukulie kuwa hakuna ahadi. Na jibu la swali la nane likiwa ndiyo, kwa wengi wanaoanza hiyo ndiyo njia ya busara: anza na kidogo, weka daftari, kisha daftari liamue.

Huduma isipolingana na mkataba

Toa taarifa kwa mtoa huduma kwanza, na uhakikishe umepewa namba ya kumbukumbu ya malalamiko. Taarifa ya mdomo kwa fundi unayemfahamu ni rahisi, lakini haiachi alama. Mwisho wa mwezi hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba ulilalamika. Ambatisha vipimo vyako vya kasi na orodha ya saa za kukatika. Dai punguzo lililoandikwa katika mkataba, hata likiwa dogo, kwa kuwa dai lililoandikwa huonyesha kwamba tatizo ni la kudumu.

Usiporidhika na majibu, au usipojibiwa, unaweza kufikisha malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ukiambatisha nakala ya mkataba na mawasiliano yote yaliyotangulia. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano nalo lipo kwa ajili ya kutetea maslahi ya watumiaji na kuwaelekeza. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Katika ngazi zote hizo, wa kwanza kuulizwa swali ni mkataba: uliandika nini? Mwenye kifurushi cha biashara chenye ahadi za wazi ana kitu cha kuonyesha. Mwenye kifurushi cha nyumbani naye ana haki zake, hasa ya kupata huduma aliyotangaziwa na kuilipia, lakini ni vigumu kudai muda wa matengenezo ambao hakuna aliyemwahidi.

Hivyo basi, kabla ya kutia saini, pima kasi ya laini uliyo nayo, andika saa zinazokatika, zithamini kwa shilingi, kisha uzilinganishe na tofauti ya bei na ahadi zilizoandikwa. Ukifanya hivyo, utajua unalipia nini, na utakuwa na la kusema siku ambayo hukupewa ulicholipia.